Karatasi za Maabara Zinapozungumza: Kumwangalia Mgonjwa wa Mailoma

Mzee akilalamika mgongo, aghalabu sisi jamaa zake husema ni uzee. Tunamkanda, tunamnunulia vidonge vya maumivu, na siku zinapita. Lakini maumivu ya mifupa yasiyokoma, yakiandamana na uchovu na upungufu wa damu, yaweza kuwa dalili ya mailoma, saratani inayoanzia katika uboho wa mifupa.

Maradhi haya huzuka katika seli za plazma, ambazo Mwenyezi Mungu amezijaalia kutengeneza kingamwili za kutukinga. Seli hizo zikiharibika na kuzaana ovyo, hutoa protini ya namna moja isiyo na faida, iitwayo protini M. Hiyo ndiyo alama anayoifuata daktari. Maabara huzitenganisha protini za damu kwa nguvu ya umeme, kisha huipima protini M kwa gramu. Ikipungua kwa nusu au zaidi, ni dalili kuwa dawa zinafanya kazi. Ikianza kupanda tena, daktari huyatazama upya matibabu.

Wako wagonjwa ambao seli zao hutoa vipande tu vya kingamwili, viitwavyo minyororo myepesi, ya aina mbili: kapa na lamda. Kwa kawaida uwiano wa kapa kwa lamda huwa baina ya 0.26 na 1.65, ingawa mafigo yakidhoofika uwiano huo waweza kupanda kidogo bila ya saratani kuzidi. Pengine huhitajika pia mkojo wa saa 24. Hapo tuwe waangalifu, kwani ukimwagwa hata mara moja, hesabu yote huharibika.

Vipimo vingine huonyesha madhara mwilini. Hemoglobini ikishuka, damu imepungua. Kalsiamu ikizidi, huenda mifupa inaliwa, na mgonjwa huona kiu, hufunga choo, hata akachanganyikiwa. Kreatinini ikipanda, mafigo yamelemewa. Kwa sababu hiyo, tusimpe mgonjwa ibuprofeni wala diklofenaki bila idhini ya daktari, kwani dawa hizo huweza kuyadhuru mafigo. Anywe maji ya kutosha, kwa kiasi alichoelekezwa. Na Ramadhani ikikaribia, daktari aulizwe mapema kuhusu kufunga. Sheria yetu imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Basi asione haya kuichukua, wala sisi tusimlaumu.

Jambo kubwa ni hili: namba moja haitoshi kuhukumu. Kinachosema kweli ni mwendo wa namba, mwezi hadi mwezi. Kwa hivyo binti au mke anayemsindikiza mgonjwa na afungue faili moja, azipange karatasi zote kwa tarehe, asitupe hata moja. Ikiwezekana, vipimo vifanywe maabara ile ile, kwani mashine hutofautiana. Na kila mkifika kliniki, ulizeni: protini imepanda au imeshuka tangu mara iliyopita? Mafigo yakoje? Tunarudi lini?

Kuuliza si utovu wa adabu. Kutafuta dawa ni katika kutawakali, na faili lililopangwa vyema ni sehemu ya uuguzi. Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa, na awape subira wanaowauguza. Amin.