Mlima Mmoja, Tabia Nyingi za Nchi

Watoto huuliza mara nyingi kwa nini nchi nyingine ni nyika, nyingine mwitu, nyingine jangwa, na nyingine barafu tupu. Mlima Kilimanjaro hutupa jibu, maana hayo yote yamepangwa juu yake kama vidato vya ngazi.

Chini ya mlima ni nyika yenye nyasi, miiba na mibuyu, na mvua yake ni haba. Tukipanda, joto hupungua kadiri ya digrii 6 kwa kila meta 1,000. Pepo zenye unyevu zitokazo upande wa Bahari ya Hindi hukutana na mlima, nazo hazina budi kupanda. Zikipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu, kisha mvua. Kwa hiyo Wachaga hustawisha migomba na kahawa mtelemkoni, wakinywesha mashamba kwa mifereji iliyochimbwa na wazee wao.

Juu ya mashamba, toka meta 1,800 hivi hata karibu 3,000, ndipo penye mwitu mzito. Upande wa kusini, mahali pengine hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kisha huja vichaka vya nchi ya baridi. Na kupita meta 4,000 ni jangwa la mawe, ambako mchana jua huchoma na usiku maji huganda. Kileleni, meta 5,895, ipo barafu.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipoeleza kwamba ameona theluji huko, wengine katika Ulaya walikataa kusadiki, maana mahali penyewe ni karibu na Ikweta. Hawakukumbuka kwamba apandaye mlima mrefu hukutana na baridi kama aendaye mbali kuelekea ncha ya dunia.

Barafu hiyo sasa yaisha. Toka mwaka 1912 hata 2011 ilipungua kwa sehemu 85 katika kila 100. Watu wengi hudhani kwamba ikiisha, mito nayo itakauka. Sivyo, maji mengi ya mlima hutoka katika mwitu. Matawi ya miti hunasa ukungu, nayo matone hudondoka hata siku isiyo na mvua, yakaingia ardhini na kutokea tena katika chemchemi ziulishazo Mto Pangani.

Basi hatari iliyo kubwa zaidi ni moto. Kwa miaka mingi moto umeurudisha chini mpaka wa juu wa mwitu, na mwezi wa Oktoba 2020 uliteketeza vichaka vingi. Palipoungua miti, ukungu hupita bure.

Kwa hiyo tungependa kila mwalimu awaulize wanafunzi wake: Maji tunywayo hapa hutoka mwitu gani, na ni nani aulindaye?