Uthabiti wa Kipimo cha Sonona katika Kiswahili cha Nairobi

Kipimo cha kisaikolojia huitwa thabiti iwapo mtu yule yule, hali yake isipobadilika, hupata alama zinazokaribiana kila apimwapo. Ugumu huanza pale kipimo chenyewe kinapokuwa ni maneno.

Tuchukue hojaji ya PHQ-9 iliyotungwa Marekani, ambayo mwongozo wa Kenya wa kutibu VVU wa mwaka 2018 uliiweka mikononi mwa wahudumu wa afya, wakiwamo wale wa Kangemi na Kawangware. Maswali yake ni 9, kila moja lina alama 0 hadi 3, nayo huuliza habari za majuma mawili yaliyopita. Kwa kawaida jumla ya 10 ndiyo mpaka wa sonona.

Sasa, neno lipi litumike? Mkazi wa Kawangware aliyeelemewa moyoni aghalabu husema "nina mawazo". Asiyeizoea lugha atadhani anafikiri tu. Mtu huyo akiulizwa leo juu ya "huzuni", na juma lijalo mhudumu mwingine akamwuliza kwa Sheng juu ya "stresi", yamkini majibu yatatofautiana ilhali moyo wake ni ule ule. Karani wa katikati ya jiji naye huenda akapendelea kuulizwa kwa Kiingereza.

Uthabiti hukadiriwa ama kwa kulinganisha maswali yenyewe kwa yenyewe, kwa kizio cha alfa alichokieleza Cronbach mwaka 1951, ama kwa kumpima mtu mara ya pili. Nje ya Nairobi, magharibi mwa Kenya, Monahan na wenzake waliichunguza hojaji hii miongoni mwa watu 347 wenye VVU. Matokeo yao ya mwaka 2009 yalionyesha alfa ya 0.78, lakini upimaji wa kurudia ulitoa 0.59. Maswali yalipatana kuliko siku zilivyopatana.

Tukichukulia kuwa mkengeuko wa kawaida wa alama ni 5, uthabiti wa 0.59 huacha kosa la kipimo la alama 3.2 hivi. Basi mwenye 9 anayerudishwa nyumbani na mwenye 11 anayepewa tiba huenda wakawa na hali moja.

Swali la tano lina dosari ya namna yake: huuliza kwa pumzi moja juu ya kukosa hamu ya kula na kula kupita kiasi. Asiyekula kwa kukosa fedha aweza kulijibu vile vile mwezi mzima. Jibu thabiti kabisa, ila si la sonona.

Karatasi ya hojaji ina mahali pa jina na tarehe. Pa kuandika lugha aliyoulizwa mgonjwa hapana, napo pangeenea vizuri chini ya jina.