Bao, Ukili na Mpira kwa Wazee Wanaosahau

Mzee asiyekumbuka amekula nini asubuhi huweza bado kusuka ukili vizuri kabisa. Ugonjwa wa Alzheimer, chanzo kikuu cha demensia, hushambulia mapema hipokampasi, sehemu ya ubongo inayonasa mambo mapya. Ustadi wa mikono uliozoeleka tangu ujana hutunzwa kwingine, nao hudumu zaidi. Michezo hupitia mlango huo ambao bado uko wazi.

Mwaka 2003, Aimee Spector na wenzake wa London walichapisha matokeo ya utafiti wa wazee 201 wenye demensia. Baadhi yao walikutana katika vikundi mara mbili kwa wiki, dakika 45 kila kikao, hadi vikao 14. Walirushiana mpira, wakacheza michezo ya maneno na kuzungumzia vyakula na utoto wao. Mwishoni walipata alama bora za kumbukumbu na kufikiri kuliko wenzao ambao hawakushiriki.

Tiba hiyo ya vikundi ilifika hadi Kilimanjaro, Tanzania. Wilayani Hai, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba ulikuwa umeonyesha kuwa takriban wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana demensia. Mazoezi yakarekebishwa ili yawafae hata wasiojua kusoma na kuandika. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kuwa uwezo wa kufikiri uliimarika na wasiwasi ukapungua.

Nyumbani, vifaa vipo. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Mzee akishindwa kufuata kanuni, ahesabu kete tu au azigawe mashimoni. Bibi aoneshwe kanga mbili aseme ipi nzuri.

Swali ndilo lenye uzito. "Huyu nani, umemsahau?" ni mtihani, na kuushindwa mbele ya wajukuu kunaumiza. "Bibi, wewe unapenda ipi?" halina jibu la kukosea. Mchezo uwe mfupi, usiwe wa kitoto, na ukome mzee anapochoka.

Michezo haiponyi demensia. Tena si kila anayesahau ana demensia: upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo na sonona pia huvuruga kumbukumbu, na hutibika. Kwa hiyo familia impeleke mzee kwa daktari mapema, kisha imtengee muda wa kucheza naye kila siku.