Kupima Njia ya Elektroni Ndani ya Pete

Kobalti, mojawapo ya madini yanayosafishwa katika viwanda vya Shituru mjini Likasi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huchanganywa na samariamu kutengeneza sumaku za kudumu. Sumaku 128 za aina hiyo zimefungwa katika pete ya kuhifadhi elektroni ya maabara ya ESRF, Grenoble, Ufaransa, iliyojengwa upya na kufunguliwa tena kwa watafiti mwaka 2020. Pete ina mzingo wa mita 844, na elektroni huizunguka mara 355,000 hivi kwa sekunde. Zinapopinda, hutoa eksirei kali za kuchunguzia madini, dawa na protini.

Sumaku za kupindisha hugeuza elektroni. Sumaku za ncha nne huzikusanya zisitawanyike. Moja ya hizi za pili ikipishana kidogo tu na nguvu iliyokusudiwa, mkondo wa elektroni hutanuka mahali fulani na kubanwa pengine, kuzunguka pete nzima. Elektroni hupotea mapema na mwanga hufifia. Ndiyo maana upana wa mkondo lazima ujulikane kila mahali.

Kinachosomeka moja kwa moja ni mahali mkondo unapopita. ESRF ina vihisi 320 vya kazi hiyo, na upana hukokotolewa kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kuusukuma mkondo ili uyumbe, kisha kufuatilia myumbo huo mzunguko baada ya mzunguko. Tofauti ya awamu ya myumbo, yaani hatua ambayo myumbo umefikia, kati ya vihisi vitatu hutoa jibu. Kihisi kinachokuza au kupunguza ukubwa wa myumbo hakiharibu hesabu, kwa kuwa awamu haibadiliki.

Ya pili ni kubadili sumaku ndogo za kurekebisha njia, moja baada ya nyingine, na kusoma vihisi vyote. Kompyuta hutafuta makosa ya sumaku na ya vihisi yanayoeleza matokeo hayo. James Safranek aliikuza njia hii katika maabara ya Brookhaven, Marekani, katika miaka ya 1990.

Ya tatu ni kubadili nguvu ya sumaku moja ya ncha nne na kuhesabu jinsi idadi ya miyumbo kwa kila mzunguko inavyobadilika. Mkondo ukiwa mpana hapo, badiliko huwa kubwa.

Baada ya hapo nguvu za sumaku husahihishwa na vipimo kurudiwa, hadi tofauti na mpango ibaki asilimia chache tu.