Mikono Mgongoni: Kazi Moja, Mafundisho Mawili

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Bukoba na Muleba. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya kabla ya kuanza: uti wa mgongo, pingili, neva, kiropraktiki.

 

Siku chache zilizopita nilizuru darasa moja katika Wilaya ya Muleba. Tulipokwisha kusoma, mama mmoja aliinua mkono. Alisema mwanawe yuko ng'ambo, afanya kazi ya kupakua mizigo, na mgongo ulimshika hata akashindwa kuinama. Basi akaenda kwa mtu ambaye hakumpa dawa wala kumchoma sindano. Mtu huyo alimlaza juu ya kitanda, akampapasa mgongo, kisha akausukuma ghafula kwa mikono, ukalia "ko!" Mama akauliza: "Mwalimu, huyo ni daktari, au ni kama wazee wetu waungao mifupa? Naye alisomea wapi?" Mzee mmoja aliyekaa nyuma akadakia: "Usiulize alisomea wapi. Uliza anaamini nini."

Watu walicheka. Lakini nilipokuwa njiani kurudi Bukoba niliyafikiri maswali hayo mawili, nikaona hayatengani. Katika kazi hii mtu husoma kwa kadiri ya anavyoamini. Mimi si daktari, mimi ni Afisa Elimu. Nitakayosema leo ni yale niliyoyasoma, na machache niliyoyaona kwa macho yangu.

Kwanza tuujue mgongo wenyewe. Pitisha kidole katikati ya mgongo wako, toka shingoni kushuka chini. Utagusa vifundo vifundo kama vya muwa. Hizo ni ncha za mifupa iitwayo pingili. Pingili zinazocheza ni 24: za shingo 7, za kifua 12, za kiuno 5. Chini yake ipo mifupa iliyoshikamana. Baina ya pingili na pingili pana kitu laini kama mto, kizuiacho mifupa isisagane. Nyuma ya kila pingili pana tundu, na katika matundu hayo hupita kamba laini ya neva itokayo kwenye ubongo. Neva ndizo zipelekazo amri ya ubongo hadi mguuni, na ndizo zirudishazo habari kwamba mguu umekanyaga mwiba. Mtu asukumaye baiskeli yenye mikungu ya ndizi kupanda mlima wa Kamachumu, au mama atwekaye ndoo ya maji toka bondeni, pingili zake za kiuno ndizo zichukuazo taabu hiyo.

Sasa twende Marekani, kwa maana kazi aliyofanyiwa yule kijana ilianzia huko.

Mwaka 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, alikuwako bwana mmoja jina lake Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada. Hakuwa daktari. Alikuwa amewahi kufundisha shule na kuuza vyakula dukani, kisha akashika kazi ya kuponya watu kwa mikono. Katika jengo alimofanyia kazi alikuwamo mfagiaji, Harvey Lillard, aliyekuwa kiziwi kwa miaka 17. Lillard alimweleza kwamba siku moja, alipokuwa ameinama mahali pa dhiki, kitu kililia mgongoni mwake, na tangu hapo masikio yakaziba. Palmer akapapasa, akakuta pingili moja imejitokeza, akaisukuma. Akatangaza kwamba Lillard amesikia tena.

Je, ilikuwa hivyo kweli? Madaktari hawakubali, kwa sababu neva ya kusikia hutoka sikioni ikaingia moja kwa moja katika ubongo, haipiti mgongoni. Lakini Palmer aliamini, na imani yake ndiyo iliyozaa kazi nzima. Mgonjwa wake mmoja, mchungaji Samuel Weed, alimtafutia jina kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya kutenda kwa mkono. Ndilo hilo kiropraktiki. Mwaka 1897 Palmer akafungua chuo.

Alifundisha nini? Alifundisha kwamba pingili ikihama kidogo mahali pake huisumbua neva, na nguvu ya asili ya mwili kujiponya huzuiwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1910 aliandika kwamba magonjwa 95 katika kila 100 huletwa na pingili zilizohama. Mwalimu wa darasa, simamisha kusoma hapa kidogo. Hakusema maumivu ya mgongo. Alisema magonjwa. Mtu akiamini hivyo, basi homa, tumbo na kifua vyote vitamwelekeza mgongoni. Hana haja ya kujifunza dawa wala kupima damu. Atajifunza jambo moja tu: kuitafuta pingili na kuirudisha.

Mwanawe, aliyejulikana kwa herufi B.J., alikichukua chuo baada ya baba yake, akayashika mafundisho hayo kwa nguvu. Lakini John Howard, aliyesoma hapo hapo, hakuridhika. Mwaka 1906 alifungua chuo chake katika mji ule ule, na mwaka 1908 akakihamishia Chicago. Yeye alitaka wanafunzi wapasue maiti na kuviona viungo kwa macho, wajifunze magonjwa kwa mapana, na tena wachanganye kazi ya mikono na mazoezi ya mwili na mashauri ya chakula. Watu wa Palmer wakawaita hao "wachanganyaji", kwa dharau. Wao wenyewe wakajiita "wanyofu". Majina hayo yamedumu zaidi ya miaka 100, na mabishano hayajesha.

Wanyofu walikuwa na sababu nyingine ya kuing'ang'ania imani yao. Siku zile watu wa kazi hii walishtakiwa mara kwa mara kwa kutibu bila leseni. Palmer mwenyewe alifungwa jela mwaka 1906. Mwaka uliofuata, huko La Crosse katika jimbo la Wisconsin, alishtakiwa Shegataro Morikubo, mzaliwa wa Japani. Wakili wake akasema mtu huyu hatibu magonjwa kama daktari. Yeye hurekebisha pingili, na kazi yake ina falsafa yake mbali na udaktari. Morikubo akaachiliwa. Toka hapo falsafa ikawa ngao, na ngao iliyokuokoa mahakamani huitupi upesi.

Msidhani hata hivyo kwamba wanyofu walikataa kila kitu kipya. B.J. alileta mashine ya eksirei chuoni mwaka 1910, na baadhi ya walimu na wanafunzi wake wakatoka kwa hasira, wakisema mikono yatosha. Hata wanyofu, basi, walikuwa na wanyofu wao!

Mafunzo yakaifuata imani. Hapo mwanzo mtu aliweza kumaliza kwa miezi michache, kwa kuwa la kujifunza lilikuwa moja. Kadiri wachanganyaji walivyoongezeka, na serikali zilivyotunga sheria, miaka ya masomo iliongezeka. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtu asiyesomea afya kabla ya hapo afundishwe kwa miaka minne, saa zisizopungua 4,200 pamoja na walimu, na katika hizo saa zisizopungua 1,000 ziwe za kuwahudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Katika Afrika, wanafunzi wamekuwa wakifundishwa kazi hii huko Durban, Afrika Kusini, tangu mwaka 1989. Na huko Uingereza, baraza lenyewe linalowaandikisha watu wa kiropraktiki lilitamka mwaka 2010 kwamba hakuna uchunguzi unaoruhusu kudai kuwa pingili kuhama ndiyo sababu ya magonjwa. Hao si maadui wao waliosema. Ni baraza lao.

Lakini kazi ya mikono si uzushi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri juu ya maumivu ya kiuno yanayodumu kwa watu wazima. Kati ya mambo yaliyoweza kusaidia yalitajwa kumfundisha mgonjwa, mazoezi, kukanda, na hata kule kusukuma pingili kwa mikono. Kwa hiyo kijana wa yule mama huenda alisaidiwa kweli. Mikono inaweza kupunguza maumivu ya kiuno. Kuponya kisukari au malaria kwa kusukuma mgongo ni habari nyingine kabisa. Na shingo ina mambo yake: imepata kutokea, ingawa si mara nyingi, kwamba shingo ilisukumwa kwa nguvu, mshipa wa damu uendao kichwani ukachanika, mtu akapata kiharusi.

Sasa turudi nyumbani, kwa swali la pili la mama: je, ni kama wazee wetu?

Nilipokuwa mwanafunzi nilianguka na baiskeli kwenye mteremko, mkono ukavunjika. Baba alinipeleka kwa mzee mmoja muunga mifupa. Nilipiga kelele kabla hajanigusa. "Mpola, waitu," akaniambia, kisha akapapasa polepole, macho yake yakitazama kwingine kabisa, nje kwenye kibanja, kana kwamba vidole ndivyo vilivyokuwa vikiona. Akanyosha mfupa, akaweka vijiti, akafunga kwa maganda makavu ya mgomba. Akamwambia baba: "Usiku huu vidole vikiwa baridi, au vikifa ganzi, fungueni. Msiningoje mimi." Nilipokua ndipo nilipofahamu uzito wa maneno yale. Mfungo uliokaza mno hukata damu, na mkono uliokatiwa damu huoza, ukaishia kukatwa.

Mzee huyo hakujua kusoma. Alifundishwa na mjomba wake, akimfuata tangu utotoni, akishika alichoshika yeye. Hiyo nayo ni shule, tena ndefu. Lakini haikuwa na eksirei, wala mtihani, wala mtu wa kumwambia amekosea ila mgonjwa mwenyewe. Jambo ninalolikumbuka zaidi ni hili. Tulipokuwa tukitoka aliletwa mama mmoja aumwaye mgongo, miguu ikimlegea. Mzee akampapasa kidogo tu, akaondoa mikono. "Hapa si pangu," akasema. "Mpelekeni hospitali leo." Kwa maneno ya Marekani, mzee wetu hakuwa mnyofu.

Kuna na hadithi ya upande wa pili, nayo si nzuri. Jirani yetu, kijana, aliumwa mgongo miezi mingi. Jioni hupata homa, usiku hutoka jasho, na nguo zilianza kumpwaya. Alikwenda kwa mtu mmoja wa kukanda aliyesema kila ugonjwa una mzizi wake mgongoni. Akakandwa, akakanyagwa, akanyoshwa. Kila wiki akalipa. Siku moja miguu ilikataa kumchukua. Hospitalini wakampiga picha, wakakuta ni kifua kikuu kilichoingia katika pingili na kuzila. Naam, kifua kikuu hakikai kifuani tu. Alipewa dawa kwa miezi mingi, akapona, lakini mgongo umebaki na nundu, naye atembea kwa fimbo. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Fedha alizitumia kwa yule mkandaji.

Hasira yangu haiko juu ya mikono ya mtu yule. Huenda ilikuwa mikono mizuri. Iko juu ya neno "kila".

Basi mgongo ukiuma pamoja na homa, au kukonda, au jasho la usiku. Ukiuma baada ya kuanguka vibaya. Miguu ikilegea au kufa ganzi. Haja ndogo au kubwa ikigoma au ikitoka bila kujijua, usikubali mtu yeyote akusukume, awe mzee wa kijijini au mwenye cheti cha ng'ambo. Muleba zipo hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo, na Bukoba ipo hospitali ya mkoa. Huyo aliyelegea miguu au kupotewa na haja asingoje hata kesho.

Kwa hapa kwetu, Sheria Namba 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, nalo ndilo liandikishalo waganga wa tiba hizo. Mtu aliyeandikishwa ana karatasi, na ninyi sasa mwajua kusoma. Iombeni muisome.

Yule mama aliniomba nimwandikie maswali ya kumpelekea mwanawe kwa simu. Nilimwambia ayaandike mwenyewe, naye akayaandika, kwa herufi kubwa kubwa: ULISOMA MIAKA MINGAPI? UNATIBU NINI? NINI HUTIBU? Yule mzee wa nyuma alisimama kuyatazama ubaoni, akasema la tatu ndilo alilokuwa akilitafuta.

Kazi ya darasa kwa wiki hii: ulizeni kijijini kwenu muunga mifupa alijifunza kwa nani, kwa muda gani, na ni mgonjwa wa namna gani aliyepata kumkataa. Andikeni majibu kwa sentensi tano, mje nayo. Kwaherini.