Mtoto Asiyetulia: Akina Mama wa Kitale na Bungoma Wanasemaje Juu ya Matibabu?

Mtoto ana miaka minane. Kengele imelia saa mbili, na kabla ya saa mbili na nusu yuko nje anafukuza kuku wa jirani ya shule. Kitabu amepoteza, cha tatu muhula huu. Ukimtuma maji anarudi bila ndoo. Jioni barua ya mwalimu inafika, baba anatafuta kiboko, na nyanya anasema hii tabia imetoka kwa upande wa mama.

Tumekaa na akina mama wa vikundi vya upande wa Kitale na wa Bungoma, na habari hii tumeisikia zaidi ya mara moja. Wengi hawakuwa wamewahi kusikia jina ADHD. Walijua tu kwamba wamechoka.

ADHD ni hali ya jinsi ubongo wa mtoto unavyokua. Mtoto hawezi kushika jambo moja kwa muda, hawezi kukaa, na hutenda kabla ya kufikiri. Wengine wana hilo la kwanza peke yake. Hao, wakiwemo wasichana wengi, hukaa kimya wakitazama dirishani, na kwa kuwa hawasumbui mtu, hakuna anayewajali. Wataalamu wanakadiria kwamba duniani watoto kama 5 katika kila 100 wana hali hii. Mara nyingi inarithiwa, lakini inaweza kutoka upande wa baba au wa mama, nyanya asikie hapo! Si laana, na hailetwi na malezi mabaya. Wala si ugonjwa wa simu na televisheni: daktari Mwingereza George Still aliwaeleza madaktari wenzake wa London juu ya watoto wa namna hii mwaka 1902.

Sasa tuje hospitalini, maana hapo ndipo akina mama walipozungumza kwa uchungu. Mama anaamka usiku, analipa nauli, anapanga foleni na mtoto ambaye hawezi kupanga foleni. Wakiingia, mtoto anakaa kimya kabisa kwa sababu mahali ni pageni! Anapimwa malaria, anapewa dawa ya minyoo, na mama anaambiwa atakua, ataacha. Hawana hasira na muuguzi, kwa maana wanaona kazi aliyo nayo. Kinachowauma ni kurudi nyumbani bila kusikilizwa.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni hili: hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha ADHD. Daktari anategemea maelezo. Anataka kujua kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, kama zimedumu miezi sita au zaidi, na kama zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, yaani nyumbani na shuleni. Basi maneno ya mama ndiyo kipimo. Nunua daftari ndogo, andika kila siku yaliyotokea, mwombe mwalimu naye aandike barua, uende nayo. Hata hivyo usikatae vipimo vingine. Mtoto asiyesikia vizuri, asiyeona ubao, mwenye kifafa, au aliyewahi kuugua malaria ya kupanda kichwani, anaweza kuonekana vivyo hivyo.

Kuna pia vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984. Hivi hupima kusikia, kuona na kujifunza, na hushauri shule. Havitoi dawa. Kwa daktari wa akili wengi huelekezwa Eldoret, Hospitali ya Rufaa ya Moi, na kutoka Kitale hapo ni karibu kilomita 70. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imeondoka na SHA imeingia, kwa hiyo hakikisha mtoto amesajiliwa, na uulize mapema ni nini kitalipiwa.

Juu ya dawa, tulisikia pande mbili. Wako wanaoogopa mtoto atafanywa zezeta, na wako wanaotaka kidonge tu mambo yaishe. Dawa ijulikanayo sana, methilfenideti, inasaidia watoto wengi kutulia, lakini inadhibitiwa kisheria na inaweza kupunguza hamu ya chakula na usingizi. Lazima daktari afuatilie. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita huanzwa na mafunzo ya wazazi kwanza.

Na mafunzo hayo mengine hayana gharama. Mwite jina, akutazame, mpe agizo moja, si matatu. Akifanya, msifu papo hapo. Mpe kazi ya kutembea, kama kupeleka ng'ombe mtoni, kabla ya ile ya kukaa. Kiboko hakimfundishi kutulia, na shuleni kimekatazwa tangu mwaka 2001.

Tulipouliza wanataka nini kwa vikundi vyetu, hawakuomba pesa nyingi. Waliomba nauli ya Eldoret ikopwe kwenye mfuko wa kikundi kama ile ya mgonjwa mwingine yeyote. Na waliomba mtu wa kukaa na mtoto siku ya mkutano, kwa sababu wengine wao wameacha kuja. Wanaona haya anavyopindua viti.