Picha Iliyopotea Ilipokuwa Ikiwekwa Akiba

Mmepata kuona kitu kikipotea saa ile ile mtu anapokiweka akiba? Mimi nimeona, na mkosaji nilikuwa mimi mwenyewe. Nawasimulia ili nanyi mjihadhari.

Niliachiwa na mwalimu mmoja aliyehama kompyuta ya zamani iitwayo Commodore 64, iliyotoka Marekani mwaka 1982. Mashine za namna hii si nyingi kwetu, maana mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilidumu miaka mingi. Huungwa na televisheni, na kazi yake huhifadhiwa katika kaseti kama zile za nyimbo.

Ndani yake mna ufundi wa picha ndogo zinazotembea, ziitwazo spraiti. Spraiti moja ina vyumba 24 kwa upana na 21 kwa urefu. Kila chumba ama kina nukta ama ni kitupu. Mwenye kusuka ukili ataelewa upesi kuliko mwenye shahada: ua la mkeka hutokea kwa kuhesabu.

Mashine haijui picha. Yajua hesabu tu. Vyumba vinane vya mstari hupewa thamani kutoka kushoto: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2 na 1. Ukitaka kujaza vinne vya katikati, jumlisha 32, 16, 8 na 4, upate 60. Kila mstari una tarakimu tatu za namna hiyo, na mistari ni 21. Basi picha nzima ni tarakimu 63. Programu ya kuchorea hukufanyia hesabu hiyo: wewe waweka nukta, yenyewe yajumlisha.

Kijana mmoja wa kwaya yetu alitaka kumchora bibi yake wa Newala. Mwajua kwamba Newala iko juu ukingoni, na zamani akina mama walishuka bondeni kufuata maji, wakapanda tena na mitungi kichwani. Bibi huyo alikuwa mmoja wao. Sasa alikuwa mgonjwa, na mjukuu alitaka amwone akipanda mlima kama siku za usichana wake. Kijana alichora kwanza katika daftari la hesabu lenye vyumba, kisha akaketi jioni tatu mbele ya mashine.

Picha ilipokamilika nikasema, "Sasa tuiweke katika kaseti." Tukabonyeza, kaseti ikazunguka. Mara bibi akatoweka! Juu palibaki nukta zilizovurugika, na chini yake mistari mitatu iliyosimama kama fito za ukuta usiokandikwa. Tukaifungua kaseti: ni zile fito tu. Kijana akaniuliza polepole, "Bwana Karani, bibi amekwenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Usiku nilisoma kitabu cha mashine, jambo lililonipasa tangu mwanzo. Nikaona kosa langu. Nilikuwa nimeweka tarakimu za picha kuanzia chumba cha kumbukumbu namba 832, kwa kuigiza mfano bila kuuliza sababu. Kumbe vyumba 828 hadi 1019 ni uwanja wa kaseti wenyewe! Mashine inapohifadhi, huandika hapo jina la kazi, na nafasi iliyobaki huijaza kwa tarakimu 32, ambayo ni nukta moja katika kila vyumba vinane. Ndiyo fito zile. Dawa yake ni nyepesi: weka picha mbali, kwa mfano kuanzia 12288, ndipo uhifadhi.

Lililotuokoa ni daftari. Kwa kuwa kijana alichora kwanza katika karatasi, tulirudia kazi yote jioni moja. Tukapakia mashine na televisheni ndogo, tukaenda Newala. Bibi aliinuliwa akae, akatazama kwa kitambo, akacheka: "Mjukuu wangu, mbona mguu wangu mmoja mfupi?" Kisha akaomba apandishwe mlima mara ya pili.

Kuchora na kutunza si mambo mapya kwetu. Mwaka 1906 mtaalamu Mjerumani, Karl Weule, alipita Masasi na Newala, akawapa watu kalamu na karatasi wachore, akanasa na nyimbo zao katika mitungi ya nta. Baadhi ya michoro ile ilichapishwa katika kitabu chake cha mwaka 1908, na hata leo yaonekana. Wachoraji wamekufa, karatasi zao zimebaki.

Basi, ndugu msomaji, hata kama huna kompyuta, jiulize: cheti cha ubatizo wa mtoto wako kiko wapi? Na picha za harusi, je, ziko katika simu moja tu? Jina la babu wa babu yako limeandikwa wapi? Weka nakala mbili, mahali pawili, kisha ufungue uone kama kweli zimo. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Bibi alifariki mwezi uliofuata. Zile tarakimu 63 tumezinakili kwa wino, na mama wa kijana amezitia sandukuni pamoja na kanga zake.